Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Historia ya Njia ya Chai na Farasi

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi jinsi wapagazi na misafara ya wanyama ilivyosafirisha chai kwa karne nyingi kutoka Sichuan na Yunnan, majimbo ya kusini-magharibi mwa China, hadi kwenye uwanda wa juu wa Tibet, na jinsi farasi, miski, sufu na dawa za mitishamba zilivyoshuka kwa njia hizohizo. Barua nyingi tulizopokea baadaye zimetoka kwa walimu wa historia na wanafunzi wao. Tumechagua saba, na majina ya waandishi tumeyaondoa kama walivyoomba.

Swali: Ndugu Mhariri, nimetengewa vipindi viwili tu vya dakika 40 kwa mada hii. Mwaka jana nilichora ramani ubaoni, nikavuta mstari mwekundu kutoka Yunnan hadi Lhasa, wanafunzi wakaunakili, na wiki iliyofuata hapakuwa na aliyekumbuka chochote. Nianzie wapi safari hii?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, mstari huo mwekundu naujua vizuri, kwa kuwa nami niliuchora miaka mingi kabla ya kutambua kosa lake. Unamwambia mwanafunzi kwamba kulikuwa na barabara moja, yenye mwanzo mmoja na mwisho mmoja, na kwamba msafara mmoja uliipita yote na mzigo uleule. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Kulikuwa na njia iliyoanzia Ya'an katika Sichuan, ikapanda hadi Kangding, mji ambao Watibeti huuita Dartsedo, kisha ikaelekea magharibi hadi Chamdo na Lhasa. Kulikuwa na njia nyingine iliyotoka kwenye milima ya chai ya Xishuangbanna na mji wa Pu'er, ikapita Dali na Lijiang, ikavuka mabonde ya mito Jinsha, Lancang na Nu, ndipo ikakutana na ile ya kwanza mashariki mwa Tibet. Na kulikuwa na ya tatu, ambayo wengi wetu tunaisahau, iliyopeleka chai ya Sichuan kaskazini hadi nyanda za malisho za Gansu na Qinghai. Nitairudia hiyo ya tatu hapa chini, kwa sababu bila hiyo neno "farasi" katika jina la njia hizi halieleweki.

Kipindi cha kwanza ningekianza kwa mzigo, ramani ikafuata baadaye. Chai ya Pu'er hushindiliwa ikawa kisahani cha gramu 357; visahani 7 hufungwa pamoja kwa magamba ya mianzi; mafungu 12 huingia katika kikapu kimoja; na nyumbu hubebeshwa vikapu viwili, kimoja kila ubavu. Waachie wanafunzi wapige hesabu wenyewe. Watapata visahani 168 na uzito wa kilo 60 hivi, kisha waulize kwa nini vikapu viwe viwili vya uzito sawa, na nini kingempata mnyama kwenye njia nyembamba juu ya genge iwapo upande mmoja ungezidi mwingine. Waeleze pia kwamba gramu 357 ni kipimo cha karne ya 20, ilhali desturi ya kufunga visahani 7 kwa pamoja ilikuwapo tangu enzi ya nasaba ya Qing (1644–1912), ili wasidhani kwamba msafara wa kale ulipimwa kwa mizani ya kiwanda.

Baada ya mzigo, wape urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Ya'an iko kwenye mita 600 hivi, Kangding kwenye 2,500, Lhasa kwenye 3,650, na baadhi ya vipito vya milima kati ya Kangding na Lhasa vinakaribia mita 5,000. Kutoka Ya'an hadi Kangding mzigo ulikwenda zaidi mgongoni mwa mtu, kwa kuwa njia ilikuwa ya ngazi za mawe na magenge. Kutoka Kangding kwenda juu ulikwenda kwa yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu ambaye hustahimili baridi na hewa haba lakini hudhoofika akishushwa kwenye joto la mabondeni. Kwa hiyo Kangding palikuwa mahali ambapo mzigo ulibadilisha mbebaji. Vifungashio vya mianzi vilivuliwa, chai ikashonewa ndani ya ngozi mbichi iliyolowa, nayo ngozi ilipokauka ilijikaza hata mvua na theluji zisipenye. Hapohapo palikuwa na nyumba za wageni ambazo Wachina waliziita guozhuang, 48 kwa hesabu inayotajwa zaidi, ambamo mfanyabiashara Mtibeti alilala, wanyama wake wakalishwa, na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, akawa mkalimani na dalali kati yake na muuzaji wa chai. Ukiwauliza wanafunzi kwa nini mji ulikua katika bonde lile jembamba lenye mashamba machache, watajijibu wenyewe. Kipindi cha pili kiache kwa ajili ya ushahidi, jambo ambalo barua nyingine zinaligusa.

Swali: Je, hii ni sehemu ya Njia ya Hariri?

Jibu: La, ingawa njia ya kaskazini ilifika karibu nayo huko Gansu. Njia ya Hariri ilielekea magharibi kupitia majangwa na miji ya chemchemi. Hizi zilipanda milima na kuvuka mito mikuu. Jambo la kuwaonyesha wanafunzi ni kwamba majina yote mawili ni ya kubuniwa baadaye. Jina la Njia ya Hariri lilienezwa na mwanajiografia Mjerumani Ferdinand von Richthofen mwaka 1877, na jina la Njia ya Kale ya Chai na Farasi, kwa Kichina Chama Gudao, lilienea katika miaka ya 1990 baada ya wasomi wa Yunnan kuzitembea njia hizo kwa miguu. Mwongoza msafara wa karne ya 18 hangelielewa hata moja.

Swali: Mwalimu, wanafunzi wangu wameshindwa kuelewa kwa nini taifa kubwa kama China libadilishe chai kwa farasi. Je, hawakuweza kufuga wao wenyewe? Tena vitabu viwili nilivyo navyo vinatofautiana: kimoja kinasema farasi walibadilishwa kwa chai hadi karne ya 20, kingine kinasema biashara hiyo ilikoma mapema zaidi.

Jibu: Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Kufuga farasi wa vita kunahitaji malisho mapana na ya baridi, nayo ardhi ya namna hiyo ndiyo iliyokosekana katika China ya wakulima wa mpunga na ngano. Wakati wa nasaba ya Song, iliyoanza mwaka 960, ukosefu huo uligeuka kuwa hatari, kwa sababu malisho ya kaskazini yalikuwa mikononi mwa Wakhitani wa dola ya Liao na Watanguti wa dola ya Xia, nao hao ndio waliokuwa maadui wa Song vitani. Waliobaki kuuza farasi ni Watibeti wa mashariki na kaskazini-mashariki. Kwanza walilipwa fedha na hariri, lakini serikali iliona hasara kutoa fedha zilizoweza kugeuzwa silaha. Mwaka 1074, katika kipindi cha mageuzi ya waziri Wang Anshi, serikali ilijiingiza moja kwa moja katika biashara ya chai ya Sichuan na kuanzisha idara iliyounganisha chai na ununuzi wa farasi. Wakulima wa chai walilazimika kuiuzia serikali kwa bei ya serikali, na chai hiyo ikapelekwa kaskazini, hadi mipaka ya Gansu na Qinghai ya leo, kulikokuwa na farasi. Ndiyo ile njia ya tatu niliyoitaja.

Upande wa Tibet nao ulikuwa na haja yake. Chakula kikuu cha uwandani ni tsampa, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa, pamoja na siagi, maziwa na nyama. Mboga na matunda ni adimu, na mti wa chai hauoti kwenye baridi ile. Chai iliyochemshwa sana ikachanganywa na siagi na chumvi ikawa kinywaji cha kila siku, cha hemani na cha makao ya watawa. Hapa ningekuomba uwe mwangalifu. Maofisa wa China waliandika tena na tena kwamba mtu wa nyandani akikosa chai huugua, na kwamba kwa hiyo chai ni hatamu ya kumwongozea. Maneno hayo yasomwe kama sera ya mwandishi wake, wala yasichukuliwe kama elimu ya tiba.

Nasaba ya Ming, iliyoanza mwaka 1368, iliubana mfumo huo zaidi. Makabila yaliyopaswa kuleta farasi yalipewa vibao vya dhahabu vilivyogawanywa nusu kwa nusu, nusu moja ikabaki katika kasri la kaisari, na kila miaka mitatu maofisa walikwenda kulinganisha nusu hizo na kupokea farasi. Mwaka 1389 viwango vilipangwa hivi: farasi bora kwa jin 120 za chai, wa kati kwa 70, na mwanafarasi kwa 50. Jin ya wakati huo ilikuwa pungufu kidogo ya gramu 600, kwa hiyo farasi bora wa vita alikuwa sawa na kilo 70 za chai. Ukirudisha hesabu ya kipindi cha kwanza, farasi mzima alinunuliwa kwa chai inayozidi kidogo tu mzigo wa nyumbu mmoja. Wanafunzi wakishaliona hilo, hutahitaji kuwaeleza kwa nini wafugaji walitafuta wanunuzi wengine, wala kwa nini magendo yalishamiri.

Kuhusu magendo, kuna kisa kimoja ambacho hukishika kikamilifu kipindi. Mwaka 1397 Ouyang Lun, aliyekuwa mkwe wa Kaisari Hongwu mwenyewe kwa kumwoa Binti Mfalme Anqing, alipeleka chai kwa siri akitumia magari ambayo maofisa wa serikali waliamriwa kuyatoa. Maofisa wakubwa wa jimbo walijua wakanyamaza. Mtumishi wake alipompiga afisa mdogo wa kituo cha daraja, huyo mdogo ndiye aliyepeleka malalamiko kwa kaisari, na mkwe wa kaisari akaamriwa kufa. Wagawie wanafunzi nafasi za mkwe, wakuu wa jimbo, mtumishi na yule wa darajani, kisha muulize kila mmoja alikuwa na nini cha kupoteza.

Sasa, kutofautiana kwa vitabu vyako. Nasaba ya Qing ilipokwisha kuyatawala malisho ya Mongolia na Qinghai haikuwa tena na shida ya farasi, na mabadilishano rasmi ya chai kwa farasi yalifutwa mwaka 1735. Biashara ya chai yenyewe haikukoma. Kinyume chake, njia za Kangding na Lijiang zilistawi zaidi baada ya hapo, chai ikiuzwa kwa vibali na kulipiwa kwa fedha, sufu, miski na dawa. Kitabu chako cha kwanza kimechukua jina la njia na kulisambaza juu ya karne ambazo farasi hakuwamo tena. Jina lina mambo mawili, na mambo hayo mawili hayakuishi umri mmoja.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulifundishwa kwamba chai ililetwa Tibet na Binti Mfalme Wencheng mwaka 641. Rafiki yangu anasema ni hadithi tu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wencheng alikuwapo, na aliolewa kweli na Mfalme Songtsen Gampo wa Tibet mwaka huo. Lakini kumbukumbu za nasaba ya Tang zinazotaja yale ambayo mfalme huyo aliyaomba baadaye, yaani mayai ya viwavi wa hariri na mafundi wa pombe, wa mawe ya kusagia, wa karatasi na wa wino, hazitaji chai. Mapokeo ya kumhusisha binti mfalme na chai yanaeleza jinsi watu walivyomkumbuka, na hiyo nayo ni historia, ila ni ya aina nyingine.

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa namna mbili. Mwandishi Li Zhao, katika karne ya 9, anasimulia kwamba mjumbe wa Tang aliyeitwa Chang Lu, akiwa Tibet mwanzoni mwa miaka ya 780, alikuwa akichemsha chai hemani mwake, mfalme wa Tibet akamuuliza ni kitu gani. Mjumbe akaeleza kwa majivuno kidogo kwamba ni kinywaji cha kuondoa uchovu na kiu. Mfalme akajibu kwamba hata yeye anayo, akaagiza iletwe, akaanza kuzionyesha moja moja kwa majina ya mahali zilikotoka: hii ya Shouzhou, hii ya Shuzhou, hii ya Guzhu, na kuendelea hadi aina sita. Mjumbe alikuja kufundisha akakuta anafundishwa. Ushahidi wa pili umetoka ardhini: katika makaburi ya Gurgyam, huko Ngari magharibi mwa Tibet, wachimbaji walipata mabaki ya mmea ambayo uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uliyatambua kuwa chai, yenye umri wa miaka 1,800 hivi. Hiyo ni karne nne kabla ya Wencheng kuzaliwa. Kwa hiyo rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, lakini mwambie asiseme "hadithi tu".

Swali: Niliwaonyesha wanafunzi picha ya wapagazi wawili wa chai wenye mizigo inayopita vichwa vyao. Walicheka, wakasema imetengenezwa kwa kompyuta. Nifanyeje?

Jibu: Nadhani unazungumzia picha iliyopigwa Sichuan mwaka 1908 na mtaalamu wa mimea Ernest Henry Wilson. Yeye mwenyewe aliandika uzito wa mizigo ile, ratili 317 na ratili 298, yaani kilo 144 na 135 hivi. Usiwakemee waliocheka, kwani kuishuku picha ni mwanzo mzuri. Waulize: mpigapicha msafiri humchagua nani, mpagazi wa kawaida au yule wa kustaajabisha? Wengi walibeba pungufu ya hapo, na ujira ulihesabiwa kwa idadi ya vifurushi, jambo linaloeleza kwa nini mtu ajitwishe kupita kiasi. Kisha waonyeshe fimbo iliyo mkononi, yenye umbo la herufi T. Mpagazi hakuweza kuutua mzigo na kuuinua tena peke yake njiani, kwa hiyo aliuegemeza juu ya fimbo hiyo na kupumzika akiwa amesimama. Ncha ya fimbo ilikuwa ya chuma, na kwenye baadhi ya mawe ya njia za zamani za Ya'an vishimo vilivyochimbwa na ncha hizo vimebaki hadi leo. Kompyuta haichimbi jiwe.

Swali: Ninafundisha wanafunzi wa asili mbalimbali na ninaogopa mada hii igeuke kuwa ugomvi wa siasa kuhusu Tibet. Niikwepe?

Jibu: Usiikwepe, bali ifunge kwenye tarehe. Karne ya 8 Tibet ilikuwa dola yenye nguvu, na majeshi yake yaliuteka kwa muda mfupi mji mkuu wa Tang, Chang'an, mwaka 763. Mkataba wa amani wa 821 na 822 uliandikwa kwa lugha zote mbili juu ya nguzo ya jiwe ambayo ingali imesimama Lhasa, mbele ya hekalu la Jokhang. Miaka 900 baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa: Qing walijenga daraja la minyororo 13 la Luding mwaka 1706 ili kuuvuka mto Dadu, na baadaye wakaweka wawakilishi wao Lhasa, huku Kangding yenyewe ikiwa bado chini ya mfalme wa Kitibeti wa Chakla. Mwanafunzi akisema "Tibet ilikuwa hivi" au "China ilikuwa hivi", mwombe ataje mwaka. Nimeona mijadala mikali ikitulia kwa ombi hilo dogo. Tumia pia majina yote mawili ya mji pale yanapotofautiana, kama Kangding na Dartsedo, kwa kuwa mfanyabiashara wa wakati ule aliyasikia yote mawili siku moja.

Swali: Misafara hii ilikoma lini hasa?

Jibu: Ilipata uhai mpya kabla ya kukoma. Mwaka 1942 Wajapani walipoifunga barabara ya Burma, iliyokuwa ikiingiza bidhaa China, bidhaa za India zilipandishwa kutoka Kalimpong hadi Lhasa, kisha zikashushwa kwa nyumbu hadi Lijiang, safari ya miezi mitatu hivi kutoka Lhasa pekee. Kilichoimaliza misafara ni lori. Barabara za magari kutoka Sichuan na kutoka Qinghai zilifunguliwa hadi Lhasa tarehe 25 Desemba 1954, na baada ya hapo wanyama walibaki kwenye mabonde ambayo gari halikuweza kuyafikia. Kwa hiyo ubaoni andika 1735 karibu na farasi na 1954 karibu na nyumbu na yaki, na uache nafasi pana katikati.